Mafungo ya mtu wa biro

Kule Birmania, kutafakari kwa njia ya Budha kulikuwa zaidi kazi ya watawa. Mtawa Ledi Sayadaw (1846-1923) alianza kukufundisha hata kwa watu wa kawaida. Lakini aliyekufikisha mpaka biro ni U Ba Khin, mkubwa wa mahesabu ya serikali tangu uhuru wa 1948. Aliwafundisha wafanyakazi wake, na 1952 akafungua kituo Rangoon. Mafungo yake yalikuwa siku kumi: kwanza kufuata pumzi puani, halafu mwili wote, maumivu na raha, bila kuvikimbia. Kisha mtu anarudi kwa mafaili yake. Siku kumi ni chache, ndiyo. Lakini mwenye watoto na mshahara angetoa wapi miezi mitatu? Mwanafunzi wake Goenka, mfanyabiashara aliyekuja 1955 sababu ya kichwa kumuuma, ndiye aliyapeleka India 1969.