Pasipoti Si Ukaazi: Somo la Machi 1968

Katika mikusanyiko yetu hapa Birmingham, iwe msibani au arusini, hukosi kumsikia mtu akisema: "Mimi nimeshapata karatasi, nimemaliza." Naomba nimjibu kwa kisa cha watu waliotoka kwetu Afrika Mashariki, ambao nao walidhani wamemaliza.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wengi wenye asili ya Kiasia hawakuwa raia moja kwa moja. Walipewa miaka miwili ya kuomba. Maelfu hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Kwa kuwa pasipoti hizo zilitolewa na serikali ya Uingereza yenyewe, si ya koloni, vizuizi vya sheria ya uhamiaji ya 1962 havikuwahusu. Mwaka 1967 Kenya ikapitisha sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara. Asiye raia akahitaji kibali cha kazi, na biashara nyingi zikafungwa kwake. Watu wakaanza kupanda ndege.

London ikashtuka. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, alipeleka muswada bungeni, nao ukapita mabaraza yote mawili kwa siku tatu tu. Machi 1, 1968 ukawa sheria. Kuanzia hapo pasipoti peke yake haikutosha: ilibidi mwenyewe, mzazi wake, babu au bibi yake awe amezaliwa Uingereza au amepatia uraia huko. Mzungu wa Nairobi kwa kawaida alikuwa na babu wa namna hiyo; Mhindi wa Mombasa hakuwa naye. Wakuu wa familia walitengewa vocha 1,500 tu kwa mwaka. Siku 50 baadaye, Aprili 20, katika hoteli ya Midland hapa hapa katikati ya Birmingham, mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake mashuhuri dhidi ya wahamiaji.

Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba kuwabagua watu kwa rangi namna ile kulikuwa kuwadhalilisha. Hata hivyo, ilipita miaka 35 tangu sheria ile, hadi Aprili 2003, ndipo wale waliobaki na pasipoti hizo bila uraia mwingine waliporuhusiwa kujiandikisha kuwa raia kamili.

Pengine utasema hayo ni ya zamani. La hasha! Aprili 3, 2006, muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu kwa wafanyakazi wengi uliongezwa kutoka miaka 4 hadi 5, hata kwa waliokwisha kuingia. Kwetu sisi wahandisi, huko ni kubadilisha ramani ukuta umeshafika kwenye linta. Wataalamu walioingia kwa mpango wa ujuzi wa juu waliungana, wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2009 wakashinda. Mwaka 2018 ikafichuka kashfa ya Windrush: wazee waliofika kabla ya 1973, wengi kutoka Karibi, walinyimwa kazi, matibabu na hata kufukuzwa nchini, ingawa haki ya kukaa walikuwa nayo. Kilichokosekana ni karatasi ya kuithibitisha. Mei 2025 serikali ikatangaza nia ya kufanya miaka 10 kuwa muda wa kawaida wa kusubiri.

Kwa hiyo tusidanganyike na neno "kudumu". Kwa kawaida ukaazi huo hukatika ukikaa nje ya nchi zaidi ya miaka 2 mfululizo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tutunze hati za mishahara, barua za ofisi na pasipoti za zamani zenye mihuri. Anayestahili uraia asichelewe kuuomba. Na sheria ikibadilika, tuungane kama wale wa 2009, maana mmoja mmoja hatusikiki.