BlueJ

BlueJ ni programu ya bure ya kompyuta, iliyobuniwa kwa ajili ya wanaoanza kujifunza uprogramu wa objekti kwa lugha ya Java. Ilianzishwa mwaka 1999 na Michael Kölling na John Rosenberg katika Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ikirithi mfumo wao wa awali, Blue.

Miongozo mingi ya Java humpokea mgeni kwa mstari wa kutisha, *public static void main*, ambao huambiwa aunakili tu. Maelezo atayapata mbele ya safari. BlueJ humwondolea adha hiyo. Klasi, yaani violezo vya kuundia objekti, huonekana kama visanduku kwenye skrini: mwanafunzi hubofya klasi ya duara, huunda objekti, kisha huiamuru isogee au ibadili rangi kabla hajaandika msimbo wowote. Akiunda maduara matatu kutoka klasi ileile, kila moja na rangi yake, tofauti ya klasi na objekti, ambayo vitabu huchukua kurasa kadhaa kuifafanua, huiona kwa macho.

Kitabu cha David Barnes na Kölling, *Objects First with Java*, hufuata njia hiyo ya kuanza na objekti. Si walimu wote wanaoikubali. Wapo wanaotaka masharti na vitanzi vitangulie.