Pasi Katika Kandanda Yetu: Tathmini ya Mshabiki wa Timu ya Taifa

Timu ya taifa ya Tanzania imecheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara nne: za mwaka 1980 nchini Nigeria, za 2019 nchini Misri, za 2023 zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, na za 2025 nchini Morocco, zilizomalizika Januari 2026. Katika mara hizo nne imeshuka uwanjani kwa mechi 13. Imetoka sare mara 5, imefungwa mara 8, na haijashinda hata mara moja. Magoli iliyofunga ni 9. Hizi ndizo hesabu ambazo kila mshabiki huzibeba moyoni anapokwenda kuitazama timu yake, na ndizo zinazotulazimisha kuuliza: kasoro yetu iko wapi?

Jibu linalosikika mara nyingi vijiweni ni kwamba hatuna wafungaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Tunachokosa zaidi ni watu wa kumfikishia mfungaji mpira, na watu wa kuutunza mpira tunapokuwa tumetangulia. Kwa neno moja, tunachokosa ni pasi. Na kwa kuwa mchezo wa taifa ni sehemu ya utamaduni wake, upungufu huu hauna budi kuchunguzwa katika historia, wala si katika matokeo ya jana tu.

Kwanza tuuangalie ushahidi unaolipinga jibu la vijiweni. Mbwana Samatta alitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2015 akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, na akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara. Katika msimu wa 2018/19 aliifungia Genk ya Ubelgiji magoli 23 ya ligi, na klabu hiyo ikawa bingwa. Wiki chache baadaye mtu yuleyule, mwenye miguu ileile, alikwenda Misri na timu ya taifa akafunga goli moja katika mechi tatu. Ni kweli kwamba fainali za Afrika si ligi ya Ubelgiji, na mechi tatu ni chache. Lakini kule Genk nyuma yake walikuwapo Ruslan Malinovskyi na Leandro Trossard, watu ambao kazi yao ilikuwa kuona nafasi kabla haijafunguka na kuupeleka mpira hapo. Katika timu ya taifa, mara nyingi Samatta alilazimika kurudi katikati ya uwanja kuutafuta mpira mwenyewe. Mshambuliaji anayegeuka kuwa mchota maji hawezi tena kuwa mpishi.

Pasi yenyewe ina historia. Katika siku za mwanzo za kandanda Uingereza, mchezaji aliyepata mpira aliukokota kwa chenga mpaka aporwe, na wenzake walimfuata nyuma wakingoja uponyoke. Mwaka 1866 sheria ya kuotea ililegezwa, na pasi ya kwenda mbele ikawezekana kwa sharti kwamba kati ya mpokeaji na mstari wa goli wawepo wapinzani watatu. Waliotambua faida yake mapema ni Waskoti. Novemba 30, 1872, katika mechi ya kwanza rasmi baina ya mataifa iliyochezwa Glasgow, Waskoti, wote wachezaji wa klabu ya Queen's Park, walitoka sare ya 0-0 na Waingereza waliowazidi uzito. Baadaye, mwaka 1925, sheria ilipunguza wapinzani hao kutoka watatu hadi wawili. Novemba 25, 1953, Wahungaria walikwenda Wembley wakawafunga Waingereza 6-3 kwa mpira uliopita mguu hadi mguu. Funzo la historia hiyo ni dhahiri: pasi ilikuwa silaha ya mtu aliyezidiwa nguvu. Timu iliyo dhaifu kwa miili au kwa mali ndiyo inayoihitaji kuliko nyingine zote.

Kwetu kandanda iliingia mwishoni mwa karne ya 19, ikiletwa Unguja na Waingereza, na wanafunzi wa shule ya wamisionari ya Kiungani walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuicheza. Kutoka shuleni ilitoka hadi mitaani, na mtaani ikapata tabia mpya. Mtoto wa Ng'ambo au wa Kariakoo aliucheza mpira wa matambara katika kichochoro chembamba chenye mashimo, wakiwa pengine ishirini kwenye mita chache. Katika hali hiyo, pasi ya chini huruka kwenye jiwe na kumpotea mpokeaji. Aliye salama ni yule anayeushika mpira mguuni na kumpiga mwenzake chenga. Mchezo huu wa chandimu umetupatia vijana wengi wepesi na wajanja, na si haki kuubeza. Lakini umewafundisha kuuficha mpira, haukuwafundisha kuuachia kwa wakati.

Lugha nayo inashuhudia. Neno chenga ni letu, na maana yake ya ukwepaji na ujanja inapita mipaka ya uwanja. Neno pasi tulilipokea pamoja na mchezo wenyewe. Hata hivyo haikuwa kwamba watu wetu hawakuuona uzuri wa pasi. Mashabiki ndio waliosema kwamba fulani "ametoa pande", kwamba vijana "wanagongeana", na kwamba timu inayotawala inacheza "kampa kampa tena". Ndio pia waliomdhihaki beki mwoga kwa kumwambia "anabutua". Kwa hiyo kipimo cha mchezo mzuri kimo katika Kiswahili chenyewe, na kilichobaki ni kukifikisha miguuni.

Wapo wanaosema kwamba zamani tulikuwa navyo vyote. Kauli hiyo ina ukweli fulani. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya klabu bingwa za Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1979 klabu hiyohiyo ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa nyumbani, kisha ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Mwaka huohuo timu ya taifa ilipata sare ya 1-1 mjini Ndola, kwa goli la Peter Tino, ikafuzu kwenda Lagos. Huko ilifungwa 3-1 na Nigeria na 2-1 na Misri, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Ilifunga goli katika kila mechi: moja la Juma Mkambi na mawili ya Thuwein Waziri. Lakini tusiifanye sifa ya wazee kuwa pazia la kuficha hesabu. Timu ile nayo ilirudi bila ushindi, na baada yake tulingoja miaka 39 kabla ya kufuzu tena.

Sasa tuzitazame mechi tatu za miaka ya karibuni, kwa sababu zinasema jambo moja kwa sauti moja. Juni 27, 2019, mjini Cairo, tuliongoza dhidi ya Kenya mara mbili, tukafungwa 3-2. Januari 21, 2024, mjini San Pedro, Simon Msuva aliifunga Zambia katika dakika ya 11, na kabla ya mapumziko Zambia ikabaki na watu kumi. Tuliongoza hadi dakika ya 88, ndipo Patson Daka aliposawazisha. Desemba 27, 2025, mjini Rabat, Msuva aliifunga Uganda kwa penalti, na Uganda ikasawazisha dakika kumi kabla ya mechi kwisha. Katika mechi hizi tatu mfungaji alikwisha kutimiza wajibu wake. Kilichohitajika baadaye ni watu wa kuukalia mpira, kuuzungusha, kumchosha mpinzani na kuzila dakika. Dhidi ya Zambia tulikuwa kumi na mmoja kwa kumi! Timu isiyojua kutunza mpira haiwezi kutunza ushindi.

Tukiipima timu safu kwa safu, tunaiona kasoro ilipo. Walinzi wetu si haba. Katika mechi mbili za mwisho za fainali za 2023 na mechi nne za 2025 hawakufungwa zaidi ya magoli mawili katika mechi yoyote. Lakini wanapoupata mpira wakiwa wamebanwa, wengi huubutua mbele, na mpira uliobutuliwa hurudi upesi kuliko ulivyokwenda. Pembeni tuna mbio. Msuva, ambaye ustadi wake ni kukimbilia nafasi, amefunga katika fainali tatu mfululizo, naye peke yake ana magoli 3 kati ya yale 9. Katikati ndipo penye upungufu. Novatus Miroshi amepata elimu ya mpira Ubelgiji, Ukraine na Uturuki, na hutulia anapobanwa. Feisal Salum, kijana wa Unguja, ana jicho la kuiona pasi ya mwisho, na ndiye aliyesawazisha dhidi ya Tunisia Desemba 30, 2025, goli lililosaidia kutuvusha hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Lakini mto hauvukwi kwa mawe mawili. Mmoja wao akiumia au akikabwa na watu wawili, daraja linavunjika, na mpira unaanza tena kuruka juu ya vichwa vya viungo.

Kwa nini viungo wa namna hiyo ni wachache? Sababu ya kwanza iko katika klabu. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba ikafika mwaka 2025. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini tukiwatazama waliokuwa wakizigawa pasi katika miaka hiyo, tunakutana na Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, Khalid Aucho wa Uganda, Clatous Chama wa Zambia na Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast. Ni mafundi, nao wametufundisha mengi. Hata hivyo kanuni iliyoruhusu klabu kusajili wageni hadi 12 imefanya nafasi inayohitaji akili nyingi kuliko zote iwe ndiyo ngumu kuliko zote kwa kijana wa Kitanzania. Klabu inamhukumu kocha kwa mechi ya Jumamosi. Kocha naye hana subira ya kumngoja kijana wa miaka 19 apoteze mipira ishirini ndipo ajifunze. Kuwafukuza wageni si dawa, maana kijana hujifunza kwa kucheza na aliyemzidi. Dawa ni kumpa kijana dakika za kucheza kando yao.

Sababu ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, iko shuleni. Pasi ni elimu. Hujengwa kati ya umri wa miaka minane na kumi na minne, kwa kurudia tendo moja mara elfu: kutazama kabla ya kupokea, kuufungua mwili, kuuachia mpira kwa mguso mmoja au miwili, na kuhama baada ya kuutoa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kwa hoja kwamba yalidhoofisha masomo. Watoto waliokuwa na umri wa kujifunza wakati ule ndio waliotarajiwa kuwa viungo wetu baada ya miaka kumi na mitano. Shamba lisilopandwa halivunwi.

Mwalimu anaweza kuuliza: nifanye nini nami sina uwanja wala mipira? Hahitaji vingi. Mchezo wa watoto kusimama duara na kumweka mmoja katikati autafute mpira unahitaji mpira mmoja, watu sita na mita chache za ardhi iliyosawazishwa. Mchezo huo mdogo ndio uliofanywa msingi wa mazoezi na Johan Cruyff kule Barcelona, na watoto wetu wanaujua tangu zamani. Linalotakiwa ni mwalimu aondoe mawe, aweke sharti la miguso miwili, na amsifu mtoa pasi kama anavyomsifu mpiga chenga.

Mshabiki aliyechoshwa ana njia mbili: kuzomea au kudai kilicho haki. Tangu Agosti 2025 hadi Januari 2026 Morocco ilitutoa mara mbili, kwanza katika mashindano ya wachezaji wa ndani hapahapa Dar es Salaam, kisha kwao, na kila mara kwa goli moja kwa bila. Umbali uliobaki si mkubwa kama hesabu za mechi 13 zinavyotisha. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa fainali zilizopangwa kwa mwaka 2027. Mwenyeji hupewa nafasi ya kucheza bila kufuzu, lakini hapewi ushindi. Ushindi huo wa kwanza utatoka kwa kijana atakayeweza, dakika ya 85, huku taifa zima likimpigia kelele abutue, kuinua kichwa, kumwona mwenzake aliye peke yake, na kumpa mpira mguuni.