Mtoto mwenye mahitaji maalumu: Shule ipi Tanga?

Kabla ya kuhangaikia nafasi, mzazi aanze na upimaji. Mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi hudhaniwa kuwa mzito wa akili, akapelekwa darasa lisilomfaa na kupoteza miaka. Majibu ya hospitali hupelekwa kwa ofisa elimu maalumu wa halmashauri.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaelekeza mtoto asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Mwalimu mkuu anayemrudisha mzazi getini akumbushwe hivyo, kwa upole.

Irente wilayani Lushoto ipo Shule ya Wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1963 na Walutheri, ambako watoto hulala bweni na kusoma nukta nundu. Irente Rainbow, ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, huwapokea wenye ulemavu wa akili na usonji. Jijini Tanga, Pongwe wasioona husoma pamoja na wanaoona.

Kwa mzazi wa Pangani, Lushoto ni mbali: Muheza, Korogwe, Mombo, kisha mlima. Mtoto wa miaka saba atalala huko muhula mzima. Ni vyema mzazi akaone kwanza bweni, na amjue mlezi atakayemwamsha mwanawe usiku.