Kubadilisha tairi kwa mkono

Kubadilisha tairi kwa mkono ni kazi ya kutoa tairi la gari kwenye ringi na kuvisha jingine bila mashine. Vifaa vyake ni jeki, spana ya magurudumu, tairiliva mbili au tatu, pampu na maji ya sabuni. Mkoani Mtwara, Tanzania, kazi hii hufanywa na mafundi pancha pamoja na baadhi ya wenye magari.

Hatua

Nati hulegezwa kabla gari halijainuliwa. Kwenye mchanga, kama ulivyo mwingi katika pwani ya Mtwara, ubao huwekwa chini ya jeki ili isizame. Gurudumu likishatolewa, upepo wote huachiwa, kisha mdomo wa tairi hubanduliwa kwa kukanyagwa.

Mdomo una waya wa chuma usiovutika. Kwa hiyo upande mmoja husukumwa kwenye bonde lililo katikati ya ringi, ndipo upande wa pili hupata nafasi ya kuvuka ukingo kwa tairiliva. Bila kufanya hivyo, nguvu nyingi huweza kukata waya.

Usalama

Tairi linapojazwa, mdomo hukaa mahali pake kwa mlio. Upepo usizidishwe psi 40 ili kuulazimisha, wala mtu asiiname juu ya tairi. Mdomo ukigoma, upepo huachiwa na sabuni hupakwa upya.

Ringi za malori zenye pete ya kufungia hazifai kushughulikiwa nyumbani, kwani pete ikifyatuka huweza kuua.