Bei Mbili za Mto Ruzizi

Mtu asimamaye Bukavu, katika mtaa wa Nguba, na kutazama ng'ambo, huiona Rwanda karibu mno, nyumba kwa nyumba na mgomba kwa mgomba. Na hata hivyo kilo ya sukari au bati la kuezekea, vitu vilivyoteremshwa melini katika bandari zilezile za Mombasa na Dar es Salaam na kuletwa kwa malori yaleyale, aghalabu huwa ghali zaidi vikishavuka daraja la Ruzizi. Wenyeji wakiulizwa sababu hutaja forodha, au serikali iliyoko mbali Kinshasa, au tamaa ya wafanyi biashara, na kila mmoja ana sehemu yake ya haki. Lakini tofauti hii ya bei ina umri mkubwa kuliko mji wenyewe, na atakaye kuifahamu hana budi kuanza na bidhaa ambayo madola ya Ulaya yaliipandisha bei kwa amri na kwa makusudi, nayo ni bunduki.

Katika miaka ya 1880 bunduki ilikuwa bidhaa rahisi huko Unguja. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuzitupa silaha za kushindiliwa baruti mdomoni na kutwaa zile za kisasa za kutiwa risasi kwa nyuma, na zile kuukuu, maadamu hazikuwa na kazi tena kwa wenyewe, zilimiminwa Afrika kwa majahazi na meli, hata balozi wa Kiingereza, Euan-Smith, akakadiria mwaka 1888 kuwa zilizoingia kwa njia ya Unguja na mrima wake zilikuwa baina ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Ushuru wa Sultani juu ya mali iingiayo ulikuwa asilimia 5 tu, uliofungwa na mikataba tangu ule wa Wamarekani wa 1833. Gobori hilohilo, hata hivyo, likishatoka Bagamoyo begani mwa mpagazi, likapita Tabora hadi Ujiji, kisha likavushwa ziwa Tanganyika kwenda Uvira, lilikuwa limekwisha kubeba posho ya miezi kadhaa, na doti za merikani na kaniki na fundo za ushanga alizotozwa mwenye msafara kuwa hongo kila alipoingia katika nchi ya mtemi mwingine, na hasara ya waliokufa njiani na waliotoroka na mizigo, na juu ya yote hayo faida ya tajiri wa Kihindi wa pwani aliyeikopesha safari nzima na ambaye hakuwa na haja ya kusogea kutoka barazani kwake. Bei ya Uvira, basi, haikuwa bei ya chuma na mti. Ilikuwa hesabu ya kila mkono uliofunguliwa njiani.

Kaskazini ya Uvira, katika nchi za ziwa Kivu, hesabu hiyo haikuendelea sana, kwani wafanyi biashara wa pwani hawakupata makao ya maana huko. Kigeli Rwabugiri, mwami wa Rwanda, hakuwapa nafasi katika nchi yake, na biashara ya ziwani ilikuwa na taratibu zake mwenyewe: Watembo wa milima ya magharibi walisuka bangili za nyuzi ziitwazo butega, na kwa butega watu wa pande zote za ziwa walinunua vyakula, mbuzi na hata ng'ombe, bila ya kumwona Mwarabu wala Mhindi. Bunduki haikufika hapo kwa ununuzi bali kwa mashambulio. Rwabugiri alifariki ziwani mwaka 1895, akiwa katika msafara wa vita dhidi ya nchi ya Washi, magharibi ya ziwa, na mwaka uliofuata jeshi lake lilikutana pale Shangi, kando ya ziwa, na askari wa Dola Huru ya Kongo, likaonja kwa mara ya kwanza nguvu ya risasi. Mwaka 1897 askari wa Dola hiyo waliasi na kuzagaa na silaha zao katika nchi hizi hizi, na mwaka 1898 Wajerumani wakakaa Shangi. Zaidi ya miaka kumi Mjerumani na Mbelgiji waliutilia mto Ruzizi shaka na shauri, hata mkataba wa Brussels wa 1910 ulipoukata mpaka, huku ni Kongo na kule ni Rwanda, na kisiwa cha Ijwi kikaangukia Kongo.

Lakini kabla ya kuukata mpaka wa ardhi, madola yalikwisha kuukata mpaka wa bei. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umekataza ushuru wa bidhaa ziingiazo katika bonde la Kongo kwa miaka ishirini, jambo ambalo Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwenye Dola Huru ya Kongo, alilikubali alipokuwa akitafuta kutambuliwa na akalijutia alipoanza kutafuta fedha. Basi tarehe 2 Julai 1890, katika mkutano wa Brussels ulioitishwa kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, yalipitishwa mambo mawili pamoja. La kwanza, silaha za moto, hususa zile nzuri za mtutu wa mikwaruzo, zikazuiwa kuingia katika Afrika yote iliyo baina ya nyuzi 20 za kaskazini na 22 za kusini, na zilizoruhusiwa zikawekwa katika ghala za serikali na kutolewa kwa cheti. La pili, Kongo ikaruhusiwa kutoza ushuru wa hadi asilimia 10 juu ya bidhaa ziingiazo, kwa hoja kwamba vita vya kuwakomboa watumwa vina gharama. Sina shaka kuwa wako waliotia sahihi kwa nia safi. Lakini matokeo yalikuwa kwamba, katika kikao kimoja, bunduki ilifanywa adimu kwa Mwafrika ilhali ikibaki tele kwa askari wa Dola, na nguo ya maskini ikaanza kuilipia risasi ya huyo askari.

Zama za Wabelgiji zaweza kupitwa kwa haraka. Mji ulioanzishwa mwaka 1901 na kupewa jina la Costermansville, kabla ya kurudishiwa jina la Bukavu katika miaka ya 1950, ulitazamana na Rwanda iliyokuwa nayo mikononi mwa Wabelgiji, na tangu 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa na Kongo katika utawala, sarafu ikawa moja na forodha ya Ruzizi ikalala. Shehena zilikuja kutoka Dar es Salaam, ambako Ubelgiji ilipewa gati yake kwa mkataba wa 1921, zikapanda reli hadi Kigoma, zikavuka ziwa Tanganyika. Wakati huo mtu wa Cyangugu, mji wa Rwanda ulio ng'ambo, uliokuwa ukiandikwa Shangugu, ndiye aliyevuka kuja kununua Bukavu.

Uhuru uliuamsha mto. Rwanda ikawa na franga yake mwaka 1964, na Kongo, baada ya kuzaa zaire mwaka 1967 kwa thamani ya dola mbili za Kimarekani, ikaishuhudia ikinyauka, hata mwaka 1993 zaire mpya moja ikabadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Katika miaka hiyo mkulima wa kahawa na mchimba dhahabu wa Kivu walijua kuwa bei iliyowekwa na serikali kwa sarafu isiyonunua kitu si bei, wakavusha mali yao usiku kwenda Rwanda na Burundi, na wavushaji wakarudi na chumvi, nguo na vipuri. Na bidhaa iliyolipiwa kwa kahawa ya magendo lazima ibebe pia hatari ya magendo.

Ama bunduki yenyewe, ilikwenda kinyume na bidhaa nyingine. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika Bukavu kuanzia Agosti hadi mapema Novemba, na walipovuka kwenda Rwanda walinyang'anywa silaha. Mwaka 1994 mkondo uligeuka: jeshi lililoshindwa Rwanda lilivuka kuja Kivu, na ijapokuwa baadhi walipokonywa, silaha zilizopenya na zile zilizofuatia katika vita vya 1996 na 1998 zilifanya kile ambacho mkutano wa Brussels ulikihofu. Bunduki ikawa tele, na kila kitu kingine kikawa adimu kwa sababu yake. Njiani kuteremka bonde la Ruzizi au kupanda milima ya Walungu, mti wa mwanzi huwekwa juu ya mapipa mawili, kijana mwenye silaha hukaa kivulini, na mwanamke mwenye gunia la maharagwe hutoa franga kadhaa ili mwanzi uinuliwe. Watu wa Kivu huiita bariyeri. Watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji waliposhika kuzihesabu na kuchapisha matokeo mwaka 2017 waliandika bariyeri 798 katika Kivu mbili. Wenye misafara wa Tabora wasingepata taabu ya kuuelewa utaratibu huo.

Pale darajani, Ruzizi ya Kwanza, hakuna mwanzi bali meza: ya forodha, ya ofisi ya kukagua bidhaa, ya uhamiaji, ya afya, kila moja na karatasi yake. Ndiyo maana mfuko wa sukari wa kilo 50 ulionunuliwa Kamembe, upande wa Rwanda, hufunguliwa kabla ya daraja, ukagawanywa kwa wamama wanne au watano, kila mmoja akavuka na sukari yake kama ni ya nyumbani, kisha ukakusanywa tena upande wa pili. Na kwa kuwa kila mbebaji ana haki yake, sukari iliyokwepa ushuru haikukwepa gharama.

Wasomaji wasidhani kuwa mto una upande mmoja tu wa ughali. Mwaka 2016 Rwanda, ikitaka viwanda vyake vya nguo vikue, ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na nusu, na mara ile shati la Ulaya lililokwisha kuvaliwa likawa rahisi Bukavu na ghali Kamembe. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Februari 2025 mji wa Bukavu ulitwaliwa na waasi wa M23 na benki zikafunga milango, lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililofuta hesabu ya shati, na wachuuzi wa mitumba walikuwa wamekwisha kuifanya zamani, wakivuka daraja asubuhi wamevaa mashati matatu au manne, moja juu ya jingine, na kurudi jioni na moja.