Yonatan Netanyahu na Wafu wa Entebbe

Katika watu wote waliokutwa na mauti Entebbe, Uganda, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, mmoja tu ndiye ambaye tendo zima lilipewa jina lake, naye ni Luteni Kanali Yonatan Netanyahu, kamanda wa Sayeret Matkal, kikosi maalumu cha jeshi la Israeli, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 30. Operesheni ya kuwaokoa mateka iliyoondoka Israeli kwa jina la Radi ilibadilishwa jina baada ya kifo chake ikaitwa Operesheni Yonatan. Na tangu siku hiyo, kwa muda unaokaribia nusu karne, tarehe ya tukio lile na sira ya kijana huyu zimeshikamana hata imekuwa taabu kuisoma moja pasipo kuitia ndani nyingine. Makala haya yanajaribu kuzisoma mbalimbali. Nashikilia kwamba Yonatan amekumbukwa sana lakini hakukumbukwa kwa insafu: barua zake, ambazo ndizo amana bora aliyoiacha duniani, zinamdhihirisha mtu mpana kuliko yule anayetajwa katika hotuba za wanasiasa, na hata barua hizo hazitoshi kutupa habari kamili ya usiku ule maadamu waliokufa upande wa pili hawana majina wala wasemaji.

Alizaliwa New York tarehe 13 Machi 1946, mwana wa kwanza wa Benzion Netanyahu, mwanachuoni wa tarehe ya Wayahudi wa Hispania, na ujana wake uligawanyika baina ya Jerusalem na Pennsylvania, ambako alimaliza shule ya sekondari mwaka 1964. Mwaka huo huo alirejea Israeli akaingia katika jeshi la miavuli. Mwaka 1967 akapigana Sinai na Golan, akajeruhiwa kiwiko. Akasoma kitambo Harvard na kisha katika Chuo Kikuu cha Kiebrania, akakatiza masomo akarudi jeshini. Katika vita vya Oktoba 1973 alipenya hadi ardhi iliyoshikwa na Wasiria kumwopoa kamanda wa vifaru aliyekuwa amejeruhiwa, akatunukiwa nishani kwa tendo hilo, na Juni 1975 akakabidhiwa uongozi wa Sayeret Matkal. Hiyo ndiyo sira yake kwa mukhtasari, na wasifu wa makamanda wengi wa kizazi chake hautofautiani nayo sana. Kinachomtenga na wenzake ni kwamba aliandika.

Barua zake, zilizokusanywa na ndugu zake na kuchapishwa kwa Kiebrania mwaka 1978, zinaanza mwaka 1963, alipokuwa mwanafunzi Pennsylvania akiwalalamikia rafiki zake wa Israeli kwamba vijana aliosoma nao hawana shabaha katika maisha yao, na zinakwisha siku chache kabla ya kifo. Anayezisoma akitaraji majigambo ya vita atavunjika moyo upesi. Aghalabu mwandishi anasimulia baridi na matembezi marefu ya mazoezini, anawaomba wazazi wake walio ng'ambo wasihuzunike, anahesabu siku zinavyompita, na anaulizana na nafsi yake kama mtu aliyejifunga katika wajibu amebakiwa na fungu gani la maisha yake mwenyewe. Barua ya tarehe 29 Juni 1976, aliyomwandikia mpenzi wake kabla hajaitwa kwenye matayarisho ya Entebbe, inanena kwa uwazi juu ya uchovu na mashaka ya mtu asiyejua mwelekeo wa maisha yake. Hapa hatumwoni shujaa anayekwenda kukutana na ajali yake kwa uso mkunjufu. Tunamwona mtu wa miaka 30, aliyekwisha kuoa na kuachana na mkewe, aliyechoka, ambaye aliitwa akaenda. Nadhani ujasiri wa namna hiyo una thamani zaidi kuliko ule wa sanamu, kwani yule aliyekwenda hali moyo wake una mashaka alitoa kitu ambacho sanamu haina.

Lakini mashaka hayafai kujengea mnara, na jamaa za marehemu walitaka kujenga. Taasisi iliyoundwa kwa jina lake iliitisha mkutano Jerusalem Julai 1979 juu ya ugaidi wa kimataifa, ukahudhuriwa na wanasiasa wakubwa wa Magharibi, miongoni mwao George H. W. Bush, na mwingine ukafuata Washington mwaka 1984. Benjamin, ndugu wa pili, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa biashara, aliingia katika maisha ya siasa kwa mlango huo, na mwaka 1996 akawa waziri mkuu. Sisemi kwamba huzuni yake haikuwa ya kweli. Mtu aliyefiwa na kaka hahitaji kutafutiwa sababu ya kumtaja. Nasema tu kwamba marehemu alipokwisha kufanywa hoja, zile barua zilisomwa kama ushahidi wa hoja hiyo, na ukurasa wa uchovu ukarukwa.

Sasa tuuendee usiku wenyewe. Ndege ya Air France, safari namba 139, ilitekwa tarehe 27 Juni baada ya kuondoka Athens, na Wapalestina wawili wafuasi wa Wadie Haddad, kiongozi wa kundi la wapiganaji wa Kipalestina, pamoja na Wajerumani wawili. Ikapitia Benghazi, ikatua Entebbe, na watekaji wakadai wafungwa 53 wafunguliwe, wengi wao katika magereza ya Israeli na baadhi wakidhaniwa kuwa Kenya. Abiria wengi wasiokuwa Waisraeli waliachiliwa kwa mafungu mawili. Waliobaki, pamoja na rubani Michel Bacos na wenzake waliokataa kuwaacha, walikuwa zaidi ya 100. Ndege nne za Hercules zilisafiri kiasi cha kilomita 4,000 kutoka Sharm el-Sheikh, na ya kwanza ilipotua, karibu saa sita usiku kwa saa za Uganda, ikatoka Mercedes nyeusi iliyofanana na gari la Idi Amin, mtawala wa Uganda, ikifuatwa na Land Rover mbili. Ilitarajiwa kwamba askari wa Uganda wataliona gari la mkubwa wao na kulipisha.

Mlinzi mmoja aliinua bunduki. Yonatan, aliyekuwa ndani ya Mercedes, aliamuru apigwe, na bastola zenye kiwambo cha kuzuia sauti zikapigwa. Hazikummaliza, ikabidi itumike bunduki yenye mlio, na siri ya shambulio ikavuja kabla hawajaufikia mlango wa jengo walimokuwa mateka. Muki Betser, aliyekuwa chini yake usiku ule na aliyepata kuishi Uganda akifundisha askari wa nchi hiyo, baadaye aliandika kwamba ishara ya mlinzi ilikuwa desturi ya walinzi wa Uganda wanapoliona gari, na kwamba ingefaa kumpita. Iddo, ndugu wa tatu wa marehemu, amelipinga dai hilo katika vitabu vyake na kushikilia kwamba hatari ilikuwa dhahiri na amri ya kaka yake ilikuwa sawa. Wamehitilafiana vilevile juu ya risasi iliyomwua Yonatan nje ya jengo, kama ilitoka mnara wa kuongozea ndege au ilitoka ndani kwa mmoja wa watekaji. Kwa miaka mingi marawi hawa na wafuasi wao wamekuwa wakipimana ushahidi, na mwanachuoni akiusoma mjadala huo kwa makini atagundua jambo la ajabu: hukumu juu ya busara ya kamanda inategemea mkono wa mtu mmoja ulivyokwenda, na mtu huyo hakuna aliyeuliza habari zake. Alikuwa nani? Alipewa amri gani jioni ile? Alikuwa akisalimu, akiuliza, au akitisha? Maandishi ya pande zote mbili za hitilafu hii yamejaa dakika na hatua, ilhali yeye ni ishara tu iliyosimama kando ya barabara.

Waliokufa usiku ule hawakuwa wachache. Mateka watatu waliuawa katika mapigano. Wa nne, Dora Bloch, bibi aliyekuwa amelazwa Mulago, alitolewa hospitalini akauawa na watu wa Amin, na mabaki ya mwili wake yakapatikana baada ya utawala huo kuanguka. Askari mmoja wa miavuli wa Israeli alipigwa risasi akapooza, akaishi miaka mingi katika hali hiyo pasipo operesheni yoyote kuitwa kwa jina lake. Askari wa Uganda waliokufa hukadiriwa kuwa 45, na wako wanaotaja idadi ndogo kuliko hiyo. Kisha ikaja ghadhabu ya Amin juu ya Wakenya waliokuwa Uganda, kwa kuwa ndege za Israeli zilipewa mafuta Nairobi, na mamia yao wakauawa.

Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapotatizika, na sioni sababu ya kulificha tatizo lenyewe. Wako kwetu wanaomsifu Yonatan kwa kuwa alimfedhehesha dhalimu, na wako wanaomwona mvamizi wa ardhi ya Kiafrika wala hawataki kusikia zaidi. Msimamo wa Tanzania mwaka ule unafundisha kuliko yote mawili. Mwalimu Nyerere hakumtambua Amin wala hakukaa naye meza moja, na alikuwa amempa hifadhi Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Hata hivyo katika Baraza la Usalama Tanzania ilishirikiana na Benin na Libya kuwasilisha azimio la kulaani uvamizi wa mamlaka ya Uganda, azimio ambalo halikufikishwa kwenye kura. Miaka mitatu haikutimia, na Aprili 1979 jeshi la Tanzania lenyewe likauteka uwanja huo huo. Mwenye kutaka kulicheka jambo hilo anaweza, lakini aangalie kwamba Tanzania ilikuwa imeshambuliwa kwanza na jeshi la Amin huko Kagera, na ya kwamba wanajeshi wake waliokufa katika vita vile wana makaburi Kaboya na siku ya kukumbukwa.

Askari wa Uganda waliokufa mwaka 1976 hawana mahali pa namna hiyo, na sababu yake si uzembe tu. Walikuwa wa jeshi lililowatesa raia wake. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1979, na serikali zilizofuata hazikuwa na haja ya kulilia. Julai 2016, miaka 40 baada ya tukio, Benjamin Netanyahu alisimama Entebbe kumkumbuka kaka yake, akipokewa na Rais Museveni, ambaye mwaka 1976 alikuwa mkimbizi Tanzania akipanga kumwondoa Amin. Kwa Museveni, kumheshimu kamanda wa Israeli hakukuwa na mgongano, kwa kuwa adui alikuwa mmoja. Lakini serikali yaweza kuwasahau askari wa adui yake, na wanazuoni wasiwasahau. Mlinzi wa zamu ya usiku si lazima awe mshirika wa kila dhulma ya mkubwa wake, na kama alikuwa mshirika, hilo nalo ni jambo la kuchunguzwa.

Uchunguzi huo ni wetu zaidi kuliko wa mtu mwingine. Yonatan aliwaandikia jamaa zake kwa Kiebrania, na ndugu zake na askari wake wameeleza habari zake kwa Kiebrania na Kiingereza. Lugha ya jeshi la Uganda, tangu zama za King's African Rifles, ilikuwa Kiswahili. Amri waliyopewa walinzi wa Entebbe jioni ile yamkini ilitolewa kwa Kiswahili, na wale walionusurika wakaifahamu hivyo. Askari aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule amekwisha kuwa mzee, naye akiulizwa leo atajibu kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wa marawi wa mjadala ule aliyeitumia kumwuliza.